Wasia sio uchuro, wazee wetu andikeni mkiwa wazima

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni msomaji wako wa hapa Moshi, nina kaduka kangu ka steshenari karibu na mahakama, natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, na kwa miaka tisa sasa karatasi ninayochapa kuliko zote ni muhtasari wa kikao cha ukoo. Yani watu wamezika Jumamosi, Jumatano wako kwenye benchi langu na cheti cha kifo kwenye bahasha ya kaki, wananitajia waliohudhuria kikao, nani kapendekezwa awe msimamizi wa mirathi, alafu tukifika pale pa mali alizoacha marehemu wote wananyamaza wanaangaliana. Mke anasema kuna kiwanja, mtoto wa kwanza anasema kile kiliuzwa, baba mdogo anasema hakikuuzwa kiliwekwa rehani. Nawaambia wakakae nje kwanza wakubaliane ndio warudi, na kuna ambao hawakurudi pamoja.

Wiki hii nimechapa tatu za hivyo mfululizo ndio nikaona nikuandikie, na nasema haya nikijua yanavyouma mana ya kwetu ndio yalinifundisha.

Baba alikuwa dereva wa lori, alifariki ghafla 2013, presha, hakulala hospitali hata siku mbili. Alikuwa mtu wa watu na mchapakazi kwelikweli lakini mambo yake yote alitembea nayo kichwani. Ukimgusia wasia anakujibu mnataka nife, huo ni uchuro, na mama naye anatukonyeza tunyamaze. Siku tunamzika pale kihambani, shamba letu la ukoo Kibosho, jirani na kaburi la babu, kuna binti alikuwa amesimama pembeni kwenye migomba, kavaa sweta la shule la kijani, miaka kumi na moja hivi, kashikwa mkono na bibi mmoja tusiyemfahamu. Nilimwangalia lile paji la uso nikajua. Kila mtu pale alijua mana alikuwa baba mtupu, na hakuna aliyesema neno. Wakaita watoto wa marehemu waje kuweka shada, tukaenda sisi wanne, yeye akabaki palepale kwenye migomba.

Jioni wazee wakauliza kama ilivyo desturi, nani anamdai marehemu na marehemu anamdai nani. Jamaa mmoja akasimama na karatasi ya milioni nne. Saini ukiitazama inafanana, ukiitazama tena haifanani, na aliyekuwa na jibu tumeshamfukia, basi tukalipa, ikaenda rambirambi na ng'ombe wawili. Waliokuwa wanadaiwa na baba hakusimama hata mmoja, na mimi kwa masikio yangu nilishamsikia kwenye simu anaomba arudishiwe hela yake.

Baba mdogo akawa msimamizi. Hapa naomba nitulie kidogo kwasababu ndipo familia nyingi zinapoumia, msimamizi wa mirathi sio mrithi kwasababu tu ni msimamizi, kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia wanaostahili, kisha anapeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu ya alivyogawa. Sisi hatukujua hayo, na sidhani kama hata yeye aliyajua. Nyumba ya Pasua akawa anakusanya kodi yeye, na mama akawa anaomba hela ya chumvi kwa shemeji yake, kwenye nyumba ambayo alibeba tofali zake akiwa na mimba yangu. Miaka mitatu hivyo. Kiwanja cha Bomang'ombe ndio hatukujua kama kipo mpaka mtu alipotupigia simu anataka kununua, tukaenda tukakuta mtu mwingine kashajenga msingi, na mkataba wa baba tukaja kuupata kwenye boksi la viatu nyumbani kwa rafiki yake.

Wateja wangu wengi wananiambia sisi Wachaga tuna mila zetu, mtoto wa kwanza ana fungu lake, wa mwisho anabaki na nyumba ya wazazi, sasa wasia wa nini. Mila naziheshimu, ndizo zimenilea. Lakini zilipangwa wakati mali ni kihamba na ng'ombe, na mpaka kila mtu anauona kwa masale, ile mimea ya mpakani, yaliyopandwa. Leo mzee ana kihamba Uru, nyumba Arusha, hisa kwenye saccos, laini mbili za simu zenye hela, hivyo vyote havina masale. Alafu watoto wa kike kwenye huo mgao tunakaa wapi? Kuna ile kesi ya Wahaya, wakili mmoja aliileta nimtolee kopi nikaisoma yote mpaka nikachelewa kufunga duka, Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, mwaka 1990 mbele ya Jaji Mwalusanya. Yule mama, Holaria, alirithi shamba la ukoo, akaliuza, mtoto wa ndugu yake akamshtaki kwamba mwanamke hauzi ardhi ya ukoo, na jaji akasema mwanamke ana haki ileile ya mwanaume. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo ikaja kuliandika hilo waziwazi. Watu wanamsifu jaji na anastahili, ila mimi nilisimama kwenye mstari mmoja tu, kwamba lile shamba alilipata kwa wasia wa baba yake. Baba yake alikaa chini akamwandika bintiye.

Na kuandika kwenyewe sio kazi kubwa kama watu wanavyoogopa. Sio lazima wakili, unaandika kwa wino, unaweka tarehe na saini, na mashahidi wasiopungua wawili ambao hawamo kwenye urithi wanaona unasaini na wao wanasaini, na kama hujui kusoma na kuandika utashauriwa wawe wanne, wa ukoo na wa nje ya ukoo. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanasaidia kuandika na wanakutunzia pia. Waislamu wana taratibu zao, wasia hauzidi theluthi ya mali na haumpi mrithi isipokuwa warithi wengine wameridhia, kwahiyo waulizeni masheikh. Na mwanaume usiusie kama chako peke yako kitu mlichochuma wawili. Ila hata kabla ya wasia, chukua kaunta buku andika una nini, kiko wapi, karatasi ziko kwa nani, unamdai nani, unadaiwa na nani. Ukibadilisha mawazo unabadilisha, hakuna anayekukataza. Tungekuwa na ukurasa mmoja tu wa hivyo ile milioni nne tusingeilipa kwa kubahatisha.

Na andikeni watoto wote. Wote. Najua hili ndilo gumu kuliko yote na ndilo linalowafanya wanaume wengi waahirishe mpaka siku yenyewe inafika. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto asinyimwe kunufaika na mali ya mzazi wake, lakini mtoto wa miaka kumi na moja ataenda kudai wapi, na atamwambia nani wakati hata kuweka shada hakuitwa? Tulimtafuta wenyewe 2017, alikuwa anaishi Himo na yule bibi, ada ilishamshinda kaacha shule. Mwendo wa daladala moja kutoka kwetu, Mhariri. Baba alipita pale Himo na lori miaka yote.

Mama ameandika wa kwake mwaka jana. Alikuja dukani na shangazi na jirani zetu wawili, nikamwambia kaa nikuchapie, akakataa, akasema ataandika kwa mkono wake na mimi ni mrithi nisikae karibu. Nikatoka nikakaa nje kwenye benchi wanapokaa wateja wangu. Alichoandika sikijui. Ninachojua ni wasia uko wapi, na ng'ombe wake wawili wako kwa nani, mana hayo alitutangazia wote mezani siku ya Krismasi, akatutaja na majina mmojammoja kuanzia kaka, na yule binti akamtaja wa tano.

Msomaji wako,
Pasua, Moshi