Kaka, binti yetu achanjwe

Kaka yangu,

Sauti yako kwenye kundi la familia, ya kukataa binti asichomwe chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, nimeisikiliza mpaka mwisho. Sikutaka kukujibu kule, maana kule kila mtu ni daktari. Nakujibu hapa, na wazazi wengine wenye wasiwasi kama wako nao wasome.

Unasema mtoto ana miaka tisa, bado anacheza rede, chanjo ya mambo ya wakubwa ya nini? Najua haya si maongezi ya kaka na dada, lakini niwie radhi, mimi ndiye shangazi.

Anachanjwa sasa kwa sababu hiyo hiyo, kwamba bado ni mtoto. Virusi vya HPV huambukizwa kwa kujamiiana, na vimeenea kiasi kwamba watu wengi huvipata wakati fulani maishani bila hata kujua. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Vikigoma kutoka, hukaa kimya miaka kumi na tano, ishirini, ndipo saratani ya mlango wa kizazi ijitokeze. Chanjo huzuia virusi visiingie, vikishaingia, haivitoi. Uingereza walipopiga hesabu, waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 saratani hii ilipungua kwao kwa asilimia 87. Waliochanjwa wakiwa na miaka 16 hadi 18, asilimia 34 tu. Kwa hiyo anayemchanja mwanao hamtuhumu kwa lolote. Anawahi tu.

Ukauliza mbona zamani zilikuwa sindano mbili na sasa ni moja, ukahisi tunapunjwa. Mwaka 2018 Tanzania ilianza na wasichana wa miaka 14, dozi mbili, ya pili baada ya miezi sita. Mwaka 2024 tukahamia dozi moja, wasichana wa miaka 9 hadi 14. Sehemu ya ushahidi kwamba dozi moja inatosha ilitoka hapa hapa kwetu, Mwanza, kwa wasichana wa umri huo huo. Wenzetu Kenya nao walifuatilia wasichana wa miaka 15 hadi 20, wakakuta dozi moja inakinga vizuri mno. Mimi nimefurahi. Kumpata msichana yule yule baada ya miezi sita, ameshahama shule au yuko kijijini kwa bibi yake, ni kazi.

Binti yako mkubwa, wa kidato cha tatu, naye bado anaweza kuchanjwa. Shirika la Afya Duniani linakubali dozi moja au mbili mpaka miaka 20. Kuanzia 21 ni mbili. Ila kwa kuwa amevuka 14, muulizie hospitali kwanza, huenda ukalipia. Na mtoto anayeishi na VVU asiishie kwenye dozi moja: ni mbili kwa uchache, tatu ikiwezekana.

Uliposema chanjo hii inaleta ugumba, hilo ndilo lililoninyima raha. Ndani ya chanjo hakuna kirusi kizima, ni ganda tupu linaloufundisha mwili kumtambua adui. Hakuna ushahidi kwamba inagusa kizazi. Mkono utauma, pengine homa kidogo. Wengine huzimia kwa woga wa sindano, ndiyo maana huambiwa wakae kwanza kama robo saa. Kinachoondoa kizazi ni saratani yenyewe, pale mwanamke anapofanyiwa upasuaji wa kukitoa, au anapopigwa mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani.

Wifi naye asijione hayumo. Sisi wa umri wetu kinga yetu ni kupimwa, na hata binti aliyechanjwa atapimwa akikua, kwani chanjo haizuii aina zote za HPV. Kipimo chenyewe hakitishi: muuguzi anapaka asidi kama ya siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, anatazama kama pametokea weupe. Weupe ukionekana mapema, hutibiwa kabla haujawa saratani, na mara nyingi siku hiyo hiyo. Mwambie twende wote, akiona aibu nitatangulia mimi.

Kama kazi zimekubana, binti nitampeleka mimi Jumanne. Niambie tu kadi yake ya kliniki iko kwa wifi au ilibaki kwa mama.

Dada yako