Jack Trice alikuwa mwanafunzi wa ufugaji kabla ya kuwa jina la uwanja

Kwa Mhariri,

Makala ya michezo mliyochapisha wiki iliyopita kuhusu viwanja vya vyuo vikuu vya Marekani ilimtaja Jack Trice kwa sentensi moja tu, kwamba uwanja wa Chuo Kikuu cha Iowa State mjini Ames unaitwa kwa jina lake. Naomba nafasi niongeze machache, kwa kuwa nilifundisha ufugaji wa mifugo kwa miaka mingi hapa katika kaunti ya Nakuru, na kijana huyo alikuwa mwanafunzi wa somo hilo hilo.

Trice alizaliwa mwaka wa 1902 katika kijiji cha Hiram, jimbo la Ohio. Alisoma shule ya upili mjini Cleveland, kisha akamfuata kocha wake, Sam Willaman, aliyekuwa ameajiriwa Iowa State, na huko akawa mwanamichezo wa kwanza mweusi wa chuo hicho. Nia yake haikuishia mchezoni. Alikusudia akihitimu aende majimbo ya kusini kuwasaidia wakulima weusi, kama alivyofanya George Washington Carver, mwanasayansi mweusi wa kilimo, ambaye naye alisomea kilimo katika chuo hicho miaka mingi kabla yake.

Mchezo aliocheza, futiboli ya Kimarekani, si kandanda yetu. Una undugu zaidi na raga, na wakazi wa Nakuru waliowahi kusimama kando ya uwanja wa raga wanajua mwili wa kijana unavyopokea kishindo cha wenzake. Tarehe 6 Oktoba 1923 timu yake ilikutana na ile ya Chuo Kikuu cha Minnesota mjini Minneapolis. Usiku wa kuamkia mechi hiyo aliketi hotelini akaandika kwamba heshima ya watu wa rangi yake, ya jamaa zake na yake mwenyewe imo hatarini, kwamba kila mtu anatarajia atende makubwa, na kwamba atayatenda. Mapema katika mechi alivunjika mtulinga. Alisema hajambo, akaendelea kucheza. Katika kipindi cha pili alijitupa mbele ya wapinzani ili awazuie, akaanguka chali, nao wakapita juu yake. Madaktari wa huko walimpima wakaona anaweza kusafiri, akarudishwa Ames kwa gari moshi akiwa amelazwa juu ya godoro la majani makavu, na tarehe 8 akafariki kwa kuvuja damu ndani ya mwili, akiwa na umri wa miaka 21. Maandishi yale yalikutwa katika mfuko wa koti lake, yakasomwa mazishini mbele ya watu wapatao 4,000.

Iwapo alikanyagwa makusudi kwa sababu ya rangi yake ni jambo linalobishaniwa hadi leo, nami sina uwezo wa kulikata. Lakini kwamba mtu aliyevunjika mfupa aliachwa aendelee kucheza, hilo halibishaniki, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Baada ya mazishi jina lake lilififia kwa miongo kadhaa. Waliolifufua ni wanafunzi, ambao kuanzia mwaka wa 1973 waliomba uwanja mpya uliokuwa ukijengwa upewe jina lake. Mwaka wa 1984 walipewa nusu ya walichoomba, yaani sehemu ya kuchezea peke yake; wakachanga fedha za sanamu, iliyosimamishwa mwaka wa 1988, na hatimaye mwaka wa 1997 uwanja mzima ukaitwa Jack Trice. Mwaka wa 2023, karne moja baada ya kifo chake, chuo kilimtunuku shahada ya ufugaji. Shahada hiyo hunigusa kuliko uwanja, kwa sababu ndiyo aliyoifuata Ames.

Mhariri, nilikuwa na mwanafunzi aliyeichezea raga timu ya chuo ambacho sitakitaja. Aliteguka bega dakika za mwanzo, akafungwa kitambaa, akarudishwa uwanjani kwa kuwa hapakuwa na mchezaji wa akiba. Hapakuwa na muuguzi wala gari. Jioni alisafirishwa kwa matatu, akiwa ameketi kiti cha nyuma na mkono umefungwa kwa shuka ya bweni, na bili ya hospitali ililipwa na mama yake, aliyeuza mtamba wake wa pekee.

Nawaomba wakuu wa vyuo vya Nakuru, Kisumu na magharibi kwa jumla wasiruhusu mechi ianze kabla muuguzi na gari havijafika uwanjani, na uamuzi wa kumtoa mchezaji aliyeumia uwe wa muuguzi huyo, si wa kocha anayetafuta ushindi. Nawaomba pia waandike majina ya vijana walioumia wakivaa jezi za vyuo vyao mahali yanapoweza kusomwa. Eldoret kuna uwanja wenye jina la Kipchoge Keino, kwa hiyo kuwaenzi wanamichezo tunakujua, ingawa hadi sasa tumewaenzi washindi zaidi.

Mwanafunzi wangu huyo sasa anafuga ng'ombe wa maziwa karibu na Molo. Nilipomtembelea mwezi wa Agosti aliniomba nimshikie ndama amdunge sindano, kwa kuwa mkono wake wa kulia haupandi juu ya kifua.

Mkufunzi mstaafu wa ufugaji,
Njoro, Nakuru