Safari ya Diani Jumamosi, na ile video ya feri

Assalaam aleikum, hamjambo nyote.

Tangu jana usiku simu yangu hailali. Ile video ya feri iliyotumwa humu kundini, eti ni ya wiki hii, si ya wiki hii. Ninayo kwenye simu yangu mbovu ya zamani, na imeshapitishwa mikono mpaka picha imekuwa kama uji. Tafadhalini, kabla hujaituma, uliza kwanza ni ya lini. Humu mna watu waliopotelewa na jamaa zao kwenye kivuko cha Mtongwe, hapa Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipozama na watu 272 wakafa. Mtu kama huyo aamke alfajiri akute video ile na emoji za kulia kumi na tano, chai itamshuka? Mama yetu mmoja alinipigia akasema tu, "Mwanangu, nyinyi nendeni, mimi nitawangoja nyumbani." Nilikosa la kumjibu.

Basi gari letu litapita Miritini, tushike barabara ya Dongo Kundu, isiyopita kwenye feri. Ni mzunguko, najua. Wanaotaka kuvuka Likoni kwa feri, kwa miguu kama siku zote, tukutane Ukunda. Ila msigombanie kushuka na magari, na mtoto mshike mkono, si nguo.

Ushauri mwingine mliotuma, wa maji na kofia, sawa. Aliyesema tusile viazi karai njiani, huyo simsikii.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mwembe Tayari. Nauli nitumieni leo.