Mwanangu, kabla uende kwa guka

Baba yangu,

Najua hupendi kusoma meseji refu, utapitia juu juu alafu unirushie kidole gumba, lakini hii soma yote tafadhali. Niko kwa mathree natoka kazi, jam ya Jogoo Road haisongi, nikaona heri nikuandikie saa hii maana tukikaa hapo kwa nyumba nitaanza kukugombeza juu ya vyombo na haya maneno hayatatoka tena.

Jumatatu unaenda Isinya. Nimesikia ukiwaambia wenzako ati unaenda ranchi. Ranchi gani baba, ni ng'ombe arobaini na kitu, boma la miiba, krashi ya mbao ya kubania ng'ombe ambayo babangu, guka yako, anaitengeneza kila mwaka na kila mwaka inavunjika pale pale, na tangi la maji. Hizo wiki tatu za likizo utaamka kabla ya saa kumi na mbili na baridi ya Agosti huko si kama ya huku. Nyasi mwezi huo ishakauka, kwa hivyo utabeba nyasi, robota moja ni kama kilo 15, la kwanza utacheka, la ishirini hutacheka. Na maji. Ng'ombe mkubwa siku ya jua anaweza maliza lita 40 peke yake, sasa piga hesabu na hao wote, ukisikia guka anapiga kelele juu ya mfereji uliachwa wazi usimjibu.

Usisimame kati ya ng'ombe na ndama wake mchanga, hata kama ni yule mpole. Na ukishika dawa ya kupe vaa glovu, usiguse mdomo mpaka unawe na sabuni.

Kitu kingine kabla nifike kwa yale nataka kusema. Wewe ni mtu wa nyama. Maksai wa kilo 400 akichinjwa, toa ngozi, toa kichwa, toa matumbo, ile inabaki imening'inia ni kama kilo 200 na hapo mifupa iko ndani. Na kufika hizo 400 kwa nyasi tu anaweza maliza miaka mitatu au minne, apite kiangazi, apite kupe. Alafu broka anakuja na pikipiki, hata hajashuka ashataja bei. Ukiona guka yako amenyamaza siku kama hiyo mwachie chai hapo uende.

Haya sasa.

Mwaka wa 1996 nilikuwa Form Two na likizo ya Agosti kazi yangu ilikuwa masikio ya ndama. Kila Jumamosi jamaa wa kazi alikuwa anapiga ng'ombe dawa na pampu, lakini pampu haifiki vizuri ndani ya sikio na kupe wa ndigana, ule ugonjwa unaua ndama, yule wa kahawia, anapenda hapo ndani kabisa. So mimi nilikuwa naingia na kopo la mafuta ya dawa napaka kwa mkono, ndama mmoja mmoja, sikio hili na lile. Kazi rahisi lakini inachosha, ndama wanarusha kichwa, unanuka mpaka Jumanne.

Jumamosi moja kulikuwa na harusi kwa jirani na nilitaka niende mapema nikiwa safi. Nilipaka kama watano. Babangu akaniuliza umemaliza nikamwambia nimemaliza wote.

Sasa sikia vile hiyo kitu inafanya kazi. Kupe akishika leo haambukizi leo, inachukua siku kadhaa ndio ule ugonjwa utoke kwake uingie kwa ng'ombe, ndio maana ukipaka kila wiki bila kuruka unamuua kabla afike mbali. Mimi niliruka. Kama wiki mbili baadaye ndama mmoja, dume, mtoto wa yule ng'ombe wa aina ya Boran, babangu alikuwa amemngoja sana, akavimba chini ya sikio, uvimbe kama yai. Homa, akaacha kunyonya, akaanza kukohoa. Ukimpata siku hizo za kwanza kuna sindano, lakini tulichelewa, mwisho povu likamtoka puani na asubuhi tukampata amekufa.

Babangu hakuniuliza mimi. Alimuuliza yule jamaa wa pampu. Akamwambia wewe unaweka maji mengi dawa kidogo, dawa ingine unauza. Jamaa akaapa. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika sufuria, nasikia yote. Akalipwa siku zake akafukuzwa, akaenda na begi moja na redio mpaka barabara ya Namanga kwa miguu, na alikuwa na watoto wadogo.

Sikusema kitu. Shosho yako alikufa bila kujua. Hata baba yako hajui.

Wewe uliniuliza mbona siku hizi sinunui nyama soko la Burma, mbona nanunua hapa kwa estate na ni ghali. Sasa ndio hiyo. Mwaka jana nilimpata huko yule jamaa wa pampu, ni mzee sasa, anabeba nyama. Alinijua kabla nimjue. Akanichagulia mbavu, akamwambia mwenye bucha aongeze kipande, akaniuliza mzee anaendeleaje. Nikamwambia yuko sawa, nikalipa, nikatoka mbio kama mwizi.

Sikuandikii hii ndio uwe makini na masikio, ingawa utakuwa makini nikijua wewe. Ni vile unabeba jina la guka, na jioni akikuuliza umehesabu wangapi atakuwa anakuangalia vile alikuwa ananiangalia mimi, anaamini kila kitu unasema. Ukihesabu thelathini na nane mwambie thelathini na nane. Atafoka, atawasha tochi mtoke mtafute usiku, sawa.

Mimi nakuja Jumamosi ya pili nimwambie mwenyewe. Sijui atafanya nini, mtu ana miaka 81. Wewe usimdokezee, hata akikuuliza mbona mama anakuja na si mwisho wa mwezi. Na tukimaliza, Jumapili nikirudi nitashukia Burma.

Tumesonga kidogo, niko hapa City Stadium. Ile gambuti ya baba yako iko na tundu kwa kisigino cha kushoto, ipeleke kwa fundi pale stegi akupigie kiraka kesho, usingoje Jumatatu asubuhi. Na ubebe sweta mbili.

Mama