Salamu za shukrani: Mama yetu amefika Namugongo na amerudi salama

Sisi watoto, wakwe na wajukuu, familia ya mtaa wa Majengo hapa Goma, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyemjalia mama yetu kumaliza hija yake ya miguu kutoka mlangoni kwetu hadi Namugongo, Uganda, akawahi sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, ya tarehe 3 Juni. Amerudi akiwa amekonda, miguu imevimba, lakini uso wake hatujauona hivyo kwa miaka mingi. Baada ya Mungu, deni letu ni kwenu. Kuwafikia wote mmoja mmoja hatutaweza, na wengine hata majina yenu hatuyajui. Pokeeni shukrani zetu kwa njia hii.

Wengi mlituuliza kwa nini mama wa umri wake, tena mwenye magoti yanayouma, asipande basi. Mambo yalianza Mei 2021. Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji wetu, ililipuka jioni ya tarehe 22, na tarehe 27 asubuhi mkuu wa mkoa akatangaza kwamba mitaa kadhaa ihame, Majengo ikiwemo. Aliyekuwa kwenye barabara ya Sake siku ile hahitaji kusimuliwa: magodoro vichwani, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zimejaa vyombo na wazee, pikipiki zikipenya katikati ya watu. Katika msongamano ule mjukuu wetu mdogo aliponyoka mkononi mwa dada yake. Tulimtafuta mchana na usiku, makanisani na mashuleni, kokote walikolala waliohama. Hapo ndipo mama alipopiga magoti na kuweka nadhiri: mtoto huyu akipatikana, nitakwenda Namugongo kwa miguu yangu.

Alipatikana kabla ya sikukuu ya mwaka ule. Familia moja ya Sake ilikuwa imemwokota akilia kando ya barabara, ikamlisha na kumlaza pamoja na watoto wake, na tulipofika haikudai hata faranga moja. Shukrani zetu za kwanza ni kwao. Mtoto huyo sasa anaimba na wenzake wa Kizito-Anuarite, chama cha watoto Wakatoliki, na ndiye aliyembebea bibi yake mfuko hadi mpakani siku ya kuondoka.

Nadhiri ilingoja. Yalikuja magonjwa, vikaja vita, na sisi watoto kila mara tulikuwa na sababu ya kumwambia asubiri. Wazee wawili wa shirika letu, yaani jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, walikuja nyumbani kutuomba tumzuie kabisa, nao tunawashukuru, maana walisema kwa upendo, na baada ya kumsikiliza ndio waliotangulia kuchanga. Aliwajibu kwamba Mashahidi nao walikwenda kwa miguu. Ni kweli. Mei 1886 Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwahukumu akiwa Munyonyo, nao wakaswagwa hadi Namugongo wakiwa wamefungwa, na kuna waliouawa njiani. Kizito, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alikuwa na miaka 14 hivi, na alikuwa amebatizwa na Karoli Lwanga usiku uliotangulia hukumu. Mama hufundisha watoto katekisimu, habari hizi anazisimulia kama za watu wa ukoo wake. Kwake, kupita njia hiyo ndani ya basi kusingekuwa kutimiza nadhiri.

Tunamshukuru padri wetu wa parokia aliyewabariki mahujaji, mama na ndugu yetu mdogo wakiwemo, kwenye Misa ya asubuhi na kuwapa barua ya kuwatambulisha parokia kwa parokia. Tunawashukuru Wamama Wakatoliki, mashirika yote ya parokia, na majirani zetu, Wakatoliki na Waprotestanti na Waislamu, mliochanga. Tunajua mchango ule ulitoka wapi. Katika mji huu, siku hizi, mtu anayetoa faranga elfu moja amepunguza kitu kwenye sahani ya watoto wake. Kijana fundi wa viatu wa karibu na soko la Virunga alishona upya soli za raba za mama kwa uzi mara mbili na kukataa malipo. Soli hizo zimerudi nzima.

Na wapo mliochangia majina. Mama alinunua daftari la shule, likazunguka mtaani, kila mtu akaandika aliyetaka aombewe: wagonjwa, marehemu, na wale ambao hadi leo familia zao hazijui walipo. Lilijaa kabla ya yeye kuondoka.

Akina mama wa biashara ndogondogo wa Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Goma na Rwanda, mliompokea mzigo na kumsindikiza hadi ng'ambo, asanteni. Asanteni Wakristo wa Musanze nchini Rwanda, na wa Kisoro nchini Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Cyanika, mliowalaza mahujaji kwenye madarasa na kuwapikia viazi na maharage. Toka Kisoro barabara hupanda milima hadi Kanaba, kisha huendelea kupanda na kushuka mpaka Kabale, na huko baridi ni kali kuliko ya kwetu. Ndugu yetu mdogo, aliyemsindikiza mama njia nzima, anasema ni hapo tu alipomwona akilia.

Baada ya Kabale, kuelekea Ntungamo, mama alishindwa kuvaa viatu. Malengelenge yalikuwa yamepasuka kwenye visigino vyote viwili. Bibi mmoja aliyekuwa akipura mtama mbele ya nyumba yake aliwaona, akaacha kazi, akamkalisha mama kwenye kigoda. Alileta beseni la maji ya moto yenye chumvi, akaosha miguu ile kwa mikono yake, kidole kwa kidole. Lengelenge ambalo halijapasuka alilipitisha sindano iliyochomwa motoni, akaacha kipande cha uzi ndani ili maji yaendelee kutoka, kisha akafunga kwa kitambaa safi alichokichana hapo hapo. Yeye alizungumza Kikiga, mama akimjibu kwa Kinyarwanda, wakasikilizana. Aliwanywesha bushera, uji wa mtama, akawalaza siku mbili. Walipotaka kumwachia pesa alikataa, akaomba kitu kimoja: jina la mwanawe liandikwe kwenye daftari. Halikuwa na nafasi tena, likaandikwa kwenye jalada. Bibi huyu hatasoma maneno haya, lakini tunaomba yeyote anayesali katika nyumba hii na amtaje.

Kutoka Mbarara hadi Masaka ni jua na malori. Madereva wa malori mliosimamisha magari kuwapa maji na kuwasalimia kwa Kiswahili, mliwatia moyo kuliko mnavyodhani.

Namugongo walifika mkesha wa sikukuu, katikati ya umati wa watu kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na kila upande wa Uganda. Mama aliingia katika basilika, ile yenye nguzo 22 za shaba kwa idadi ya Mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Akakaa chini na kusoma daftari lote kwa sauti ndogo, jina baada ya jina, hadi lile la jaladani. Kisha akaenda pia mahali wanapokumbukwa Mashahidi 23 Waanglikana, kwa sababu jirani yetu Mwanglikana alikuwa amemtuma. Kwa hiyo kila aliyeandika ajue: jina lako limetajwa.

Tunamshukuru pia muuguzi wa kituo cha afya anayekuja kumfunga vidonda kila jioni, na dada zetu wa mtaani mliochota maji na kulinda nyumba yake. Nauli ya basi ya kurudi ilitoka kwenye mchango wenu, na kilichobaki mama ameomba kiende kwa familia zilizohama ambazo bado zinalala kwenye majengo ya parokia. Kimekwisha kukabidhiwa kwa kamati, na hesabu iko kwa katibu wa shirika kwa anayetaka kuiona.

Misa ya shukrani itakuwa Jumapili ijayo, Misa ya kwanza, parokiani kwetu. Baada ya hapo karibuni nyumbani kwa bukari (ugali), sombe (kisamvu) na sambaza (dagaa wa ziwani). Mama amerudi na kidumu cha maji ya Namugongo, njooni na vichupa vidogo ili yawatoshe wote. Wenye wagonjwa wasioweza kutoka, tupeni habari, mjukuu atawaletea.

Kwa niaba ya familia yote,
Binti mkubwa, Majengo, Goma