Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA: tuambiwe bei kabla salio halijakatwa

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kutoka Wete, Pemba, ninakofanya kazi ya uwakala wa fedha na kuuza vocha. Ombi langu kubwa ni moja. Mtu akipiga namba ya nje iliyotangazwa kuwa ni ya bure, mtandao wake umwambie kwa Kiswahili, kabla simu haijaunganishwa, kama atakatwa salio au hatokatwa, na kama atakatwa, ni shilingi ngapi kwa dakika. Nimelileta kwako kwa sababu posta na simu ni jambo la Muungano tangu 1964, na leseni za kampuni za simu zinatoka mkononi mwako.

Huku kwetu ni nadra kuukuta mtaa usio na mtu wake Muscat, Dubai au London. Wanachotuma ndicho kinacholipa ada za skuli, kinachoezeka nyumba na kununua dawa za wazee. Mara nyingi fedha hufika salama. Zikikwama, kampuni ya kutuma fedha humwandikia mteja ujumbe: tatizo lako litatatuliwa ukipiga namba hii, hulipi chochote. Namba yenyewe ni ya bure ya Uingereza, 0800, ambayo ukiwa nje ya Uingereza huipiga kwa kuanzia +44 800, na aliyeiandika alimfikiria mtu aliyeko Uingereza. Mtumaji huipiga picha akamtumia mama yake Pemba, na mama akaamini kilichoandikwa.

Alinijia bibi mmoja kutoka Konde. Mwanawe alimtumia fedha, lakini jina lake la tatu, la babu, lilikosewa herufi moja, halikulingana na kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi, malipo yakazuiwa. Alikuwa na kitochi, simu ndogo isiyo na intaneti, na namba ameandikiwa na mjukuu kwenye karatasi ya daftari. Akanunua vocha ya elfu mbili, nikamsaidia kuiingiza, akapiga. Ikapokea sauti ya mashine kwa Kiingereza, bonyeza moja, bonyeza mbili, kisha muziki. Alikaa ameishika simu kwa mikono miwili akiusikiliza ule muziki, asithubutu hata kunijibu nilipomuuliza kama amepata mtu. Simu ikakatika. Ujumbe ukaingia kwamba salio halitoshi. Akanambia, "Mwanangu, si wamesema hawatozi?" Akanunua vocha nyengine, ikaliwa vilevile, na mtu wa kumsikiliza hakumpata. Alirudi Konde kwa gari ya abiria bila fedha za mwanawe na bila zile alizokuja nazo.

Faida ya vocha zile niliipata mimi, Mheshimiwa. Kwa hiyo hii si hasara yangu ninayoilalamikia. Mimi ninapata pale wenzangu wanapopoteza, na sitaki kupata kwa njia hiyo.

Nimejitahidi kulielewa jambo lenyewe ili nisimtuhumu mtu bure. Namba za aina hii zina mpango mmoja duniani kote: anayelipa ni mwenye namba, si mpigaji. Kampuni ya simu ya mwenye namba humlipa yule aliyeibeba simu tangu ilipoanzia. Ndani ya nchi mpango huo ni rahisi kuupanga. Ukivuka mpaka, mtandao wa huku umetumia mnara wake na njia zake za kimataifa, na kama hakuna makubaliano, huko nje hakuna anayeulipa. Basi hutokea moja kati ya mawili: ama simu haiendi kabisa, ama inakwenda na mpigaji akatozwa kama simu yoyote ya kimataifa. Dakika za kifurushi cha kawaida hazimsaidii, maana ni za mitandao ya hapa nchini. Kwa hiyo kampuni kutoza kwa kazi iliyoifanya si dhulma. Dhulma ni kukaa kimya huku ikijua kwamba anayepiga ameambiwa hatolipa.

Ziko pia namba zinazoanza na +800, zenye tarakimu nane baada yake na zisizo na msimbo wa nchi yoyote. Hizi zinagaiwa na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa lililoko Geneva, na zilibuniwa makusudi ili mteja wa nchi yoyote apige bila kulipa. Mashirika ya ndege huzitumia, mabenki huzichapisha nyuma ya kadi. Lakini kugaiwa namba hakutoshi, kwa sababu mwenyewe lazima apange nchi moja baada ya nyengine ifunguliwe, na mitandao ya nchi hiyo ikubali. Mwananchi wa Wete atajuaje ipi imefunguliwa Tanzania na ipi bado? Na akisahau ile alama ya kujumlisha, akaanza na 0800, anaingia kwenye namba za bure za Tanzania, akaambiwa namba haipo, akadhani simu yake ni mbovu.

Wala msifikiri shida hii ni ya nchi masikini. Uingereza yenyewe, mtu aliyepiga 0800 kwa simu ya mkononi alikuwa akitozwa, na ya mezani ikawa bure. Ilidumu hivyo mpaka msimamizi wao, Ofcom, alipoamuru kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2015 namba za 0800 na 0808 ziwe bure kwa simu za mkononi pia. Kampuni hazikuamka asubuhi zikaona huruma. Zilipewa amri.

Na sisi tunaweza. Mtoto wa Micheweni asiye na senti kwenye laini yake anapiga 116, namba ya huduma kwa mtoto, na anasikilizwa. Aprili 2021, bei za vifurushi zilipopanda ghafla na watu wakapiga kelele nchi nzima, serikali iliagiza zirudi zilipokuwa. Kanuni za kumlinda mtumiaji za 2018 nazo zimempa mteja haki ya kupewa taarifa za bei. Najua nitaambiwa bei zimo kwenye tovuti za kampuni. Bibi wa Konde ana kitochi, Mheshimiwa. Mahali pekee anapoweza kupewa bei ni sikioni mwake, simu ikiwa bado inaita.

Sauti hiyo ya kumwambia bei isikatiwe salio hata senti moja, na impe mpigaji nafasi ya kukata. Kisha kila kampuni itangaze ni namba zipi za +800 zinapigika kwenye mtandao wake na kwa bei gani, na orodha hiyo ipatikane kwa kupiga huduma kwa wateja. Tatu, na hili naliona ndilo dawa hasa, mkae na Benki Kuu muangalie kampuni za kutuma fedha zinazolipa wateja hapa Tanzania. Kampuni inayopata faida kwa fedha za mama wa Pemba inaweza kuwa na namba ya bure ya hapa nchini, ikapokewa na mtu anayesema Kiswahili. Namba hizo mnazo na mnazigawa wenyewe.

Hayo pia yatawafaa walio kwenye utalii Unguja. Mgeni akimezewa kadi na mashine ya benki Mji Mkongwe, mara nyingi simu anayoazimwa kuipigia benki yake ni ya mtembeza wageni au ya mtu wa mapokezi, na salio linaloliwa ni la huyo kijana.

Naomba jibu la maandishi kupitia ofisi yenu ya Zanzibar. Na naomba msingoje malalamiko rasmi yajae ndipo mseme tatizo lipo, kwa sababu waliokatwa elfu mbili kutoka Konde, Ole au Kojani hawatopanda boti kwenda kudai elfu mbili. Nikilipata jibu nitalibandika dirishani kwangu, walisome kabla hawajaninunulia vocha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wakala wa fedha, Wete, Pemba