Rangi zilizo kando ya mshono

Kwako rafiki yangu,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na ile picha ya mshono wa kuchomelea wa metali ya urani nimeitazama jioni nzima. Umeuliza kama zile rangi zilizo kando ya mshono, manjano, kisha buluu, kisha nyeusi, zinafutwa tu kwa kitambaa na kazi ikawa imekwisha. Ningependa usizifute kwanza. Zimeandika joto lilipita wapi.

Urani ikitoka tu kukwanguliwa hung'aa kama fedha, lakini haikai hivyo. Oksijeni huishika papo hapo na kufanya utando wa oksaidi. Utando ukiwa mwembamba mno, mwanga unaorudi kutoka juu yake hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, na hapo ndipo rangi huzaliwa. Kila rangi ni unene wake. Karibu na mshono joto lilikuwa kali, oksaidi ikanenepa hadi ikawa nyeusi. Ukienda mbali inapungua, unaona buluu, halafu manjano. Kuchomelea ndani ya gesi ya argoni au ndani ya ombwe kunapunguza jambo hili sana, lakini hakuliondoi, kwa sababu metali hii ina uchu wa oksijeni kiasi cha kunyakua hata masalia madogo ya hewa na mvuke wa maji.

Hayo ni ya usoni. Ya ndani ndiyo yanayonishika zaidi.

Urani ina sura tatu, yaani namna tatu za kupanga atomi zake, kabla ya kuyeyuka. Hadi nyuzi 668 za Selsiasi ni alfa, kutoka hapo hadi takriban 775 ni beta, halafu gama hadi inapoyeyuka kwenye nyuzi 1132 hivi. Sehemu iliyoyeyuka inapopoa hupitia zote, na kila mara atomi zinajipanga upya. Alfa ndiyo yenye matata: ukiipasha joto, fuwele yake hutanuka pande mbili na kusinyaa upande wa tatu. Sasa fikiria punje elfu, yaani fuwele ndogondogo, kila moja imeelekea kwake, zote zinapoa pamoja zikiwa zimebanana! Zinavutana, na nyingine hujikunja na kuacha mistari iliyonyooka ndani yake, ile inayoitwa mapacha. Ukisugua sampuli vizuri na kuiweka chini ya hadubini yenye mwanga uliochujwa ukabaki unaotetema upande mmoja tu, punje za alfa hutofautiana rangi zenyewe, bila dawa yoyote ya kuzichoma. Katikati ya mshono utaona punje ndefu zilizoanzia ukingoni na kukua kuelekea katikati. Pembeni yake kuna ukanda ambao haukuyeyuka lakini uliguswa na joto, na punje zake si zile ulizokuwa nazo mwanzo.

Kuna pia kaboni. Urani iliyoganda haiwezi kuibeba ila kidogo sana, kwa hiyo iliyobaki hukaa kama vipande vya kabaidi, yaani kaboni iliyoungana na urani. Mshono unapoyeyuka, vipande hivyo huyeyukia ndani ya metali, na inapopoa huzaliwa upya, vingi na vidogo kuliko vya awali.

Kwa nini nakuchosha na vipande hivi? Kwa sababu ya haidrojeni. Oksaidi huizuia kwa muda, nayo hutafuta mahali palipo dhaifu: ufa, mpaka wa punje, ukingo wa kabaidi. Ikipenya huungana na urani na kufanya haidraidi, ambayo uzito wake ni takriban gramu 11 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali metali yenyewe ni 19. Maana yake inahitaji nafasi kubwa zaidi. Hufura, hupasua utando uliokuwa ukiilinda metali, na kumwagika kama unga unaoweza kuwaka wenyewe hewani. Unyevu nao si salama, maana maji yakikutana na urani huacha oksaidi na kutoa haidrojeni hiyohiyo.

Kwa hiyo kitambaa kitaondoa rangi, lakini punje, mapacha na kabaidi vitabaki palepale. Kipande kilichochomelewa ni majirani watatu waliokaa bega kwa bega, yaani mshono, ukanda ulioguswa na joto, na metali ambayo haikuguswa, na kila mmoja ataipokea haidrojeni kwa namna yake. Nadhani watu hukagua sana mshono wenyewe na kuusahau ule ukanda wa pembeni, na jambo hilo linaniuma.

Ukiandika tena, niambie picha ilipigwa kabla ya kusafisha au baada, na kipande kilikaa siku ngapi hewani.

Wako akupendaye.